Busha linalopungua ukishakojoa

Huku Kusini mzee akivimba mfuko wa korodani, jibu huwa tayari kabla hajamwona daktari: busha. Mara nyingi ni kweli, maana matende na mabusha yameiandama pwani ya Lindi na Mtwara miaka mingi. Ila wapo wachache ambao uvimbe huo si busha, wala si utumbo ulioteremka, yaani ngiri ya kawaida. Ni kibofu cha mkojo kilichoteremka kupitia kwenye kinena. Katika kila wagonjwa 100 wa ngiri ya kinena, kama 1 hadi 4 hivi kibofu kimo ndani ya ngiri, na wengi wao ni wanaume waliovuka miaka 50.

Kwa hiyo nikishamwamkia mzee namuuliza, "Ukitoka kukojoa, uvimbe unapungua?" Wengine hucheka kwanza. Akisema unapungua, kisha akaongeza kwa haya kwamba hukojoa mara mbili, ya kwanza kawaida na ya pili mpaka auminye uvimbe kwa mkono, hapo nashuku kibofu. Shida ni kwamba wengi hawana dalili hiyo, na hugundulika kinena kikiwa kimeshapasuliwa. Hapo ndipo kibofu huweza kukatwa kwa kudhaniwa ni mfuko wa ngiri.

Kumulika uvimbe kwa tochi ili kujua kama ni busha hakusaidii sana, kwani mkojo nao hupitisha mwanga kama maji ya busha. Na ile tabia ya kuchoma sindano ili kuvuta maji, jamani, tuiache. Mimi naagiza ultrasaundi kabla na baada ya kukojoa, na figo zitazamwe hapohapo, maana mkojo ukikwama huzirudia. Pakibaki shaka, tunapiga CT skani, au eksirei baada ya kuingiza dawa kibofuni kwa mpira.

Chanzo mara nyingi ni tezi dume. Ikivimba hubana njia, mzee anajikamua kila akienda haja ndogo, kibofu kinatanuka, na kinena kimeshalegea kwa umri.

Tiba ni upasuaji: tunaweka mpira wa mkojo, tunakirudisha kibofu mahali pake, tunaziba tundu kwa wavu. Hatukati kibofu isipokuwa kuna sehemu iliyokufa au yenye saratani. Tezi dume nayo itibiwe, la sivyo mzee ataendelea kujikamua na ngiri itarudi.

Najua wengi husubiri korosho ziuzwe kwanza. Uvimbe laini unaorudi ndani unaweza kungoja mnada. Ukiwa mgumu ghafla na kuuma, au mkojo ukiziba, njoo hospitali siku hiyohiyo.