Limao halina kosa: aiskrimu ya nyumbani na maneno ya mtaani

Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, alinipigia mama mmoja wa Uyole niliyemfundisha keki mwaka jana. "Mwalimu, maziwa yamekatika." Nikajua hata kabla hajaendelea: kachemsha maziwa, kamimina limao sufuria ikiwa bado inafuka. Nyuma yake wifi yake anasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Si nilikwambia limao na maziwa haviivi chungu kimoja!"

Nimechoka nayo hiyo. Naisikia Mwanjelwa, naisikia Tukuyu ambako maziwa ni ya kumwaga, na juzi nimeisikia harusini Iringa: eti limao hukata maziwa, kwa hiyo aiskrimu ya limao ni ya hotelini tu, wenye mashine na dawa zao.

Limao hukata maziwa, sikatai. Maziwa mabichi yako kwenye pH 6.7 hivi (pH ni kipimo cha uchachu: ikishuka, uchachu umepanda), yakishuka kukaribia 4.6 kasini, yaani protini yake kuu, inashikana mabonge, na moto unaharakisha jambo hilo mara nyingi zaidi. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, kwa hiyo protini ikijikusanya upande, maji yote yale yanabaki yanaelea. Ndicho alichokiona mama wa Uyole. Lakini nani alimwambia aiskrimu ya bila mashine inatengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa?

Inatengenezwa kwa krimu ya kupigia na maziwa mazito ya kopo, yale matamu. Krimu yenye mafuta asilimia 35 ina protini kidogo, na mafuta yanaizuia isifanye mabonge. Maziwa ya kopo maji yake ni machache na karibu nusu yake ni sukari. Ukitia limao humo, asidi inafanya kazi ileile, ila badala ya kukatika vinakuwa vizito. Darasani huwa naweka bakuli mbili mezani, moja ina maziwa ya moto, nyingine maziwa ya kopo, na kila moja natia vijiko vitatu vya limao. La kwanza linafanya madonge na maji ya njano. La pili unakoroga, na kufumba na kufumbua mwiko unaacha njia nyuma yake, kama kwenye mtindi mzito. Watu wananyamaza kidogo, halafu mmoja anauliza, "Kwa hiyo halijaharibika?" Onja, mama.

Vipimo vyangu: krimu nusu lita, kopo moja la gramu 397 au karibu na hapo, juisi ya limao mililita 100, ganda la malimao matatu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Maziwa ya kopo, limao, ganda na chumvi vinachanganywa kwanza. Krimu inapigwa pembeni ikiwa ya baridi kabisa, mpaka ukinyanyua kipigio inasimama kilele laini. Ukizidisha umepata siagi. Kisha changanya kwa kukunja taratibu, kutoka chini kuja juu, usije ukaitoa hewa. Funika, gandisha saa sita hadi nane. Mbeya mwezi wa Julai krimu inapigika jikoni bila shida yoyote. Ukiwa Kyela, kwenye joto la ziwani, kalisha bakuli juu ya barafu. Na tafadhali, ule utando unaoengua kwenye maziwa ya kuchemsha si krimu ya kupigia. Utaupiga mpaka mkono ufe ganzi.

Mashine nayo wanaipa sifa isiyo yake. Kazi yake ni kugandisha huku inakoroga, ili chembe za barafu zibaki ndogo na hewa iingie. Hapa hewa umeshaiingiza kwa kupiga krimu, na sukari na mafuta vinazuia chembe zisikue. Basi.

"Nataka limao lisikike, kwa hiyo nimeongeza juisi." Umeongeza maji, dada. Juisi ya limao ni maji kwa asilimia 90 hivi, na maji hayo ndiyo yanayogeuka vipande vya barafu vinavyokwaruza ulimi. Harufu iko kwenye mafuta ya ganda. Kwa hiyo osha limao, kwaruza ganda la njano tu kwenye matundu madogo ya kikwaruzo, moja kwa moja juu ya bakuli, maana yale mafuta yanaruka hewani. Ile nyeupe ya ndani ni chungu, iache. Halafu ndipo ukamue. Kila wiki kuna anayekamua kwanza, kisha anabaki anahangaika kukwaruza kitu kilicholegea kama soksi. Kwa machungwa ni hivyohivyo, hata ya Muheza matamu namna gani, ila hayo chemsha juisi yake mpaka ibaki robo, iache ipoe, na utie limao kidogo liyaamshe.

Wapunguza sukari: sukari haiko pale kwa utamu peke yake, inashusha kiwango cha kuganda. Ukiipunguza unapata jiwe, halafu unanitumia picha ya kijiko kilichopinda. Chota kidogo, kula kidogo.

Aiskrimu ya ndimu si lazima iwe ya kijani. Hiyo ni rangi ya dukani.

Eti baridi hii ya Juni aiskrimu itampa mtoto nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, bakuli la aiskrimu halina vijidudu hivyo.

Asiye na friza naye asikate tamaa. Nunua barafu, iponde, changanya kilo tatu kwa kilo moja ya chumvi ya mawe kwenye ndoo, uzike humo chombo cha bati chenye mfuniko. Chumvi inayeyusha barafu, ndiyo, na katika kuyeyuka huko joto linashuka chini ya sifuri, hata kukaribia nyuzi 20 chini ukichanganya vizuri. Koroga kila baada ya dakika 20. Umeme ukikatika na aiskrimu ikayeyuka kabisa, usiirudishe kugandisha.

Yule mama wa Uyole, kwa bahati, alikuwa hajatia sukari. Nilimwambia asimwage. Achuje kwa kitambaa safi, akamue maji, atie chumvi: hiyo ni jibini, ikaangwe na nyanya. Asubuhi nikaambiwa wifi ndiye aliyemaliza sahani.