Dawa ya tezi dume inapimwaje?

Mpe mwanaume mwenye tezi dume iliyotanuka kidonge kisicho na dawa yoyote, bila yeye kujua. Baada ya miezi michache kuna uwezekano mkubwa atakwambia mkojo unatoka vizuri kuliko zamani. Wala hasemi uongo. Anachosema ndicho anachokihisi, na hapo ndipo ugumu wote wa utafiti wa tezi dume unapoanzia.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa CAMUS uliofanyika Amerika Kaskazini kwa wanaume 369. Baadhi walipewa dondoo ya matunda ya saw palmetto, mmea wa jamii ya michikichi unaouzwa sana kama dawa ya tezi dume, na wengine wakapewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa kila kitu ila dawa yenyewe haimo. Walianza na miligramu 320 kwa siku, zikaongezwa hadi 640, kisha 960. Kufikia wiki ya 72, alama za dalili za waliotumia saw palmetto zilikuwa zimeshuka kwa 2.2. Za waliotumia plasebo zilishuka kwa karibu 3. Kama kundi la plasebo lisingekuwepo, tungetangaziwa kwamba dawa imefanya kazi.

Kwa nini plasebo inashusha dalili? Sababu kubwa ni kwamba dalili za mkojo hupanda na kushuka zenyewe, na mtu huja hospitali, au hujiunga na utafiti, wakati zimepanda. Ukimpima tena baada ya miezi mitatu, wengi watakuwa wamerudi kwenye hali yao ya kawaida hata kama hawajatumia chochote. Tena, mtu aliyeanza kufuatiliwa huacha chai ya saa nne usiku, hunywa maji mapema, na hujipa muda chooni. Ongeza matumaini juu ya hayo. Kwa hiyo ushuhuda wa mtu mmoja, au hata wa watu mia wasio na kundi la kulinganishwa nalo, hauwezi kutuambia dawa imefanya nini.

Alama zenyewe hutoka kwenye fomu ya IPSS. Ina maswali 7 kuhusu mwezi uliopita: kuhisi mkojo umebaki, kukojoa tena kabla ya saa mbili kupita, mkojo kukatika na kuanza tena, kushindwa kuuzuia, kutoka kwa unyonge, kujikamua ili uanze, na kuamka usiku. Kila jibu lina alama 0 hadi 5, jumla ni 35. Alama 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 na kuendelea ni kali. Badiliko dogo kuliko alama 3 kwa kawaida mgonjwa mwenyewe halihisi, kwa hiyo dawa inayoshusha alama moja na nusu haina cha kujivunia, hata kama takwimu zake zimekaa sawa. Fomu huharibika kirahisi. Mzee akisomewa maswali mbele ya binti yake aliyemsindikiza, majibu hupungua makali. Akirudi miezi sita baadaye akaijaza peke yake, dalili zitaonekana zimezidi kumbe ni aibu tu iliyoondoka. Njia iliyotumika mara ya kwanza ndiyo itumike hadi mwisho.

Kwa kuwa hisia pekee hazitoshi, tunapima pia kasi ya mkojo. Mgonjwa anakojoa kwenye faneli iliyounganishwa na mashine inayochora mililita kwa kila sekunde. Kilele kilicho chini ya 10 kinatia shaka ya kuziba, juu ya 15 kwa kawaida ni kizuri, katikati hapo huwezi kuamua kwa kipimo hiki peke yake. Mkojo usipofika mililita 150, kipimo hakisomeki, rudia. Angalia mchoro wenyewe, usisome namba tu ambayo mashine imeichapisha. Mgonjwa akiminya uume kisha akaachia, mkojo hufyatuka, na mashine inaandika kilele cha uongo cha 25 juu ya mchoro ambao mwili wake wote uko kwenye 8. Hata akiyumbisha mkojo huku na huku ndani ya faneli, mchoro huota miiba. Isitoshe, kasi ndogo haikwambii kama njia imebana au kibofu chenyewe kimechoka. Kulitenganisha hilo kunahitaji kupima presha ndani ya kibofu wakati wa kukojoa.

Mkojo unaobaki hupimwa kwa altrasaundi: urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, mara 0.52. Kosa ninaloliona ni la kawaida mno: mgonjwa ameambiwa anywe lita nzima ya maji, akasubiri foleni hadi kibofu kimetanuka kupita kiasi, kisha anaambiwa akojoe na kupimwa. Kibofu kilichojazwa hivyo hakikamuliki vizuri hata kwa mtu mzima wa afya. Na akisubiri tena nusu saa kabla ya kupimwa, figo zimeshaongeza mkojo mpya. Akojoe anapobanwa kwa kawaida, apimwe papo hapo, na kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya mtu yeyote kutaja upasuaji.

Kipimo kingine ni muda. Utafiti wa MTOPS uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia wanaume 3,047 kwa wastani wa miaka 4 na nusu. Doxazosin, ambayo hulegeza misuli ya njia ya mkojo, ilipunguza hatari ya ugonjwa kuendelea kwa asilimia 39. Finasteride, ambayo hupunguza ukubwa wa tezi, kwa asilimia 34. Zote mbili pamoja, asilimia 66. Lakini tazama ndani: hatari ya mkojo kuziba kabisa, au kufikia upasuaji, ilipungua kwa finasteride na kwa mchanganyiko. Doxazosin peke yake haikuipunguza kwa kipindi chote hicho. Utafiti wa miezi mitatu usingeweza kuliona hilo, kwa sababu finasteride huhitaji kama miezi 6 kuonyesha nguvu yake, na kuzibwa si tukio la kila wiki.

Finasteride pia hushusha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kutafuta dalili za saratani, kwa karibu nusu baada ya miezi 6 hadi 12. PSA ya 3 kwa anayeitumia isomwe kama 6. Ikianza kupanda kutoka kiwango chake cha chini kabisa, ichunguzwe, hata kama maabara imeandika kawaida. Tarehe ya kuanza dawa iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa.

Sasa kuna dawa nyingine ya tezi dume, gome la Prunus africana, mti wa misitu yetu ya milimani, kuanzia Kilimanjaro na Mlima Kenya hadi Kameruni. Mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 18 zenye wanaume 1,562, na yakaona nafuu: kuamka usiku kulipungua kwa asilimia 19, mkojo unaobaki kwa asilimia 24. Ni matokeo ya kuheshimiwa. Ila tafiti hizo zilidumu siku 30 hadi 122 tu, na zilitumia dondoo iliyopimwa, mara nyingi miligramu 100 kwa siku, si gome lililochemshwa sufuriani ambalo hakuna ajuaye kikombe kimoja kina kiasi gani. Ninachokitaka ni utafiti wa mwaka mzima au zaidi, hapa kwetu, wenye plasebo iliyotiwa rangi na uchungu ule ule ili mgonjwa asibahatishe anachokunywa, ukihesabu waliozibwa na waliofanyiwa upasuaji. Na gome litoke kwenye miti iliyopandwa. Tangu 1995 biashara ya mti huu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na ukiubandua gome kuuzunguka wote, mara nyingi unakufa.