Pikapu ya gitaa "iliyosukwa kwa mkono": mkono ulifanya nini hasa?

Juzi nimeisikia tena: "Hii pikapu imesukwa kwa mkono, ndiyo maana ina nguvu." Aliyesema ni mpigaji mzuri wa gitaa, na waliokuwa karibu naye waliitikia kwa vichwa. Nimeisikia mara nyingi mno sasa, na naona ni vizuri tuitenganishe vipande vyake.

Maana kwanza. Pikapu ya gitaa la umeme ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba wenye ngozi ya vanishi. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili, yaani waya huo uliozungushwa, hubadilika, na mabadiliko hayo huzaa umeme kidogo kwenye waya, kwa kanuni aliyoionyesha Michael Faraday mwaka 1831. Kusuka pikapu ni kuuzungusha waya huo kwenye bobini, kile kigogo cha kuzungushia waya, maelfu ya mara. Basi.

Sasa maneno yenyewe. "Kusuka" tumelipata kwa mafundi wa mota, nao walilipata kwa wasusi. Lakini mtazame anayesuka nywele au ukili: huu unapita juu ya ule, ule unaingia chini ya huu. Waya wa pikapu hauingii chini ya kitu. Ni mmoja tu, unazunguka kwa upande uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Kiswahili kina kitenzi kinachofaa zaidi, kuzonga, kile cha nyoka aliyejizonga mtini, ila mafundi walishachagua lao na siwezi kuwapinga. "Koili" nayo imetoka kwa Waingereza, na wanaisimu hulihusisha neno lao na kitenzi cha Kifaransa cha kale, coillir, yaani kukusanya au kuchuma. Ndivyo mtu anavyoikusanya kamba ndefu kuwa duara. Pikapu ni kuokota. Inanifurahisha kwamba chombo kimoja kimebeba majina mawili, moja la kukusanya na jingine la kuokota, na kazi yake ni hiyohiyo. Mkono haumo katika lolote kati ya hayo. Umekuja baadaye.

Na ulikuja kwa sababu ya haki kabisa. Pikapu za Stratocaster, gitaa la kampuni ya Fender, za miaka ya 1950 zina mizunguko ipatayo 8,000 ya waya wenye kipenyo cha milimita 0.063, yaani unene wa unywele. Hakuna mtu anayezungusha hiyo kwa kiganja. Bobini huzungushwa na mota. Kazi ya vidole ni kuushika waya, kuupeleka kushoto na kulia, na kuhisi mvuto wake. Ukiuvuta mno unarefuka na kukonda, au unakatika na kazi yote imepotea. Ukiulegeza, koili inabaki na nafasi za kutikisika, na pikapu itapiga mluzi ukiongeza sauti, ndiyo maana wengi huizamisha kwenye nta ya moto. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi Fender mwaka 1956, alipata jina kubwa kwa vidole vyake hivyo. Kwa hiyo "kwa mkono" ina maana moja tu: aliyeuongoza waya ni mtu. Kwenye mashine kamili, anayeuongoza ni mkono wa chuma unaokwenda na kurudi kwa mwendo usiobadilika.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mkono na mtawanyo. Kutawanya ni jinsi waya ulivyolala: badala ya mizunguko kukaa ubavu kwa ubavu, inakatizana kwa pembe, mmoja umekwenda mbali, mwingine umerudi karibu. (Kwa koili ya namna hii neno "kusuka" karibu linastahili.) Waya zikikatizana badala ya kulaliana, kapasitansi ya ndani ya koili (uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, ambao hufifisha sauti za juu) hupungua, na kilele cha sauti yake, pale koili inapoitikia zaidi, husogea kwenye sauti za juu kidogo, hivyo kunakuwa na mng'ao zaidi. Mkono wa mtu hutawanya kwa kawaida, kwa kuwa hauwezi kurudia mwendo uleule mara 8,000. Lakini fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kupanga waya vizuri sana, na mashine ya leo inaweza kuamriwa itawanye. PAF, pikapu za kampuni ya Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950, ambazo watu huziota mpaka leo, zilisukwa na mashine zilizoongoza waya zenyewe.

Mtawanyo pia tusiutukuze kupita kiasi. Kapasitansi ya koili moja ni kama pikofaradi 100 (pikofaradi ni kipimo chake), na kebo ya gitaa huongeza kiasi kama hicho kwa kila mita. Ukibadilisha kebo ya mita tatu kwa ya mita sita, umeigusa sauti kuliko mtawanyo wowote.

Halafu "nguvu", yaani ukubwa wa umeme ambao pikapu hutoa. Hiyo inatokana na idadi ya mizunguko, sumaku, na umbali wa pikapu kutoka kwenye nyuzi. Tena mizunguko ikizidi, induktansi (jinsi koili inavyopinga mabadiliko ya umeme) hupanda kwa kipeo cha pili, sauti inanenepa na ile ya juu inafifia. Wala usisome nguvu kwenye kipimo cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme, kinachohesabiwa kwa omu: waya mwembamba zaidi wa milimita 0.056, kwa mizunguko ileile, utapandisha ukinzani kwa takribani robo bila kuongeza nguvu. Hata joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi tu, omu 8,000 zinakuwa kama 8,300.

Kwa hiyo endelea kusema imesukwa kwa mkono, kama kweli kuna mtu aliyeuongoza waya. Ni kazi ya kuheshimiwa. Ongeza tu mizunguko mingapi na waya wa unene gani, hapo tutajua habari ya nguvu. Na kama kilichokuvutia ni ule mng'ao, sema imetawanywa.