Ishara kutoka nyotani: kazi ambayo filamu huiruka

Kazi yangu ni kuchambua data za darubini za redio, na kila inapotoka filamu mpya ya viumbe kutoka sayari nyingine, naulizwa swali lilelile: mkipata ishara, mtajuaje kuwa ndio wao? Filamu nyingi hazihangaiki na swali hilo. Chombo kinatua, jeshi linaitwa, mapambano yanaanza. Hizo nazitazama kwa burudani tu.

Contact ya mwaka 1997 ni ya namna nyingine, na hadi leo naiona ndiyo iliyoikaribia zaidi kazi yetu. Mwanaastronomia Ellie Arroway amekaa nje kwenye gari lake huko New Mexico, hedifoni masikioni, madishi yamesimama nyuma yake. Ghafla mapigo yanasikika kutoka upande wa nyota Vega, yakihesabu namba tasa. Kinachonifurahisha ni kwamba Ellie na wenzake hawakimbilii kushangilia. Wanaanza kwanza kutafuta kama kuna chanzo kingine karibu.

Hedifoni, hata hivyo, hatuzitumii. Mitambo ya sasa huyagawa masafa katika mabilioni ya vipande vyembamba, kila kimoja hezi chache tu, na kompyuta ndiyo inayovikagua. Wembamba huo una sababu yake: hakuna kitu cha asili tunachokijua angani kinachotoa mawimbi ya redio yaliyobanwa kiasi hicho. Nyota, gesi na hata pulsa, yaani masalia ya nyota yanayozunguka na kutoa mapigo ya redio, humwaga nishati yao kwenye masafa mapana zaidi. Ukiona mstari mwembamba kabisa, umeona kazi ya mtambo. Tatizo ni kwamba mitambo imejaa hapahapa duniani na juu yake: setilaiti, rada, simu.

Kwa hiyo tunalielekeza dishi kwenye nyota kwa dakika kadhaa, tunalisogeza pembeni, kisha tunalirudisha. Ishara ikibaki palepale dishi likiwa limegeuzwa, si ya nyota ile. Tunaangalia pia kama masafa yake yanahama. Dunia inazunguka, na sayari ya mbali nayo ina mwendo wake, hivyo ishara ya kweli inapaswa kupanda au kushuka kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda.

Mwaka 2019 darubini ya Parkes, Australia, ilikuwa ikiitazama Proxima Centauri, nyota iliyo umbali wa miaka ya nuru 4.2 hivi. Baadaye mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo ya vitendo alikuta ndani ya data hizo mstari mwembamba karibu na megahezi 982. Ulikuwa ukihama taratibu, na dishi lilipogeuzwa haukuonekana. Ukapewa jina BLC1. Ulikuwa umepita karibu kila kipimo tulicho nacho, na naamini hapo ndipo filamu ingeanza kupiga muziki.

Watafiti walirudi kwenye data zilezile wakasaka mistari inayofanana nao kwenye masafa mengine. Wakaipata mingi, imepangana kwa nafasi zinazolingana na masafa ya saa ndogo zinazoongoza mapigo ndani ya vifaa vya kawaida vya elektroniki, na baadhi ilionekana hata dishi likiwa limeelekezwa kwingine. Mwaka 2021 walichapisha jibu: ni usumbufu wa mitambo yetu wenyewe. Kwangu ule ni upelelezi mtamu kuliko nusu ya filamu nilizowahi kutazama, na nasikitika hakuna mwongozaji aliyeuona.

Ishara maarufu ya Wow ya Agosti 15, 1977 nayo haikumshtua mtu papo hapo. Ilidumu sekunde 72 kwenye darubini ya Big Ear, Ohio, na mwanaastronomia Jerry Ehman aliigundua siku kadhaa baadaye akipitia karatasi zilizochapwa na kompyuta. Haijawahi kurudi, na ishara isiyorudi haiwezi kuthibitishwa.

Ndiyo maana naipenda sehemu ile ya Contact ambapo afisa wa usalama anamlaumu Ellie kwa kuwaambia watu wa nchi nyingine. Hakuwa na njia nyingine. Dunia inazunguka, Vega inazama, na lazima kuwe na dishi jingine upande wa pili la kuipokea. Makubaliano ambayo wanasayansi wa fani hii waliyapitisha mwaka 1989 yalitaka jambo hilohilo: mgunduzi awaombe wengine wathibitishe kwanza, ndipo itangazwe wazi kwa wote, na pasitumwe jibu lolote kabla ya mashauriano ya kimataifa.