Je, mpiga picha za habari hujali picha kuliko mtu?

Wengi wanaamini kwamba mpiga picha za habari, akikuta ajali au mafuriko, huinua kamera badala ya kunyoosha mkono. Imani hii inaeleweka: picha inamwonyesha mwenye shida, haionyeshi aliyeipiga alifanya nini baadaye.

Lakini picha moja huchukua sehemu ndogo mno ya sekunde, pengine 1/500. Dakika zinazofuata hazimo kwenye fremu. Halafu kuna lenzi ndefu, kama ile ya milimita 400. Huvuta cha mbali, ukadhani mpigaji alisimama hatua mbili tu kutoka kwa mtoto anayelia, kumbe yuko ng'ambo ya mto. Maadili ya kazi hii yanataka utu wa anayepigwa picha uheshimiwe, na wapo waliobeba majeruhi huku kamera ikining'inia shingoni. Wapo pia waliokosea, hilo tusilifiche.

Ukitaka kuhakiki, soma kwanza maelezo yaliyo chini ya picha: nani, wapi, lini. Kisha itafute picha yenyewe mtandaoni. Huenda ukakuta mfululizo mzima wa tukio, na waokoaji wako pembeni tu, wamekatwa kwenye ile uliyotumiwa WhatsApp.