Bawabu wa Shule ya Umma Halipwi na TSC, na Mpishi Vilevile

Kila mkutano wa wazazi huwa na mtu wake wa kuuliza swali hili, na muhula huu aliyeuliza alipigiwa makofi, ndiyo sababu nimeamua kuandika. Swali lenyewe ni hili: ikiwa elimu ni ya bure na wafanyakazi wa shule wanalipwa na serikali, mbona mpishi analia kwamba hajapata mshahara? Nyuma yake kuna tuhuma ambayo haisemwi waziwazi, kwamba fedha zilifika, mwalimu mkuu akazila, na mhasibu akamsaidia kutafuna. Mhasibu mwenyewe ni mimi, katika shule ya upili ya kutwa hapa Mombasa, na mara kwa mara huwasaidia walimu wakuu wa shule za msingi jirani kufunga vitabu vyao vya hesabu. Sikani kwamba wizi upo, na anayeiba fedha za watoto ashtakiwe. Lakini hata tungekuwa malaika watupu, mpishi asingelipwa inavyostahili, na sababu yake ni hesabu ambayo mzazi yeyote anaweza kuipiga kwa simu yake.

Yale mepesi niyamalize upesi. TSC, kwa mujibu wa kifungu cha 237 cha Katiba, ni tume ya kuajiri walimu. Haiajiri wapishi, mabawabu, makarani, wafagizi, mafundi wa maabara wala wahasibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika kifungu cha 59, inaipa bodi ya usimamizi, yaani BOM, jukumu la kuwaajiri na kuwalipa wafanyakazi wasio walimu. Ndani ya bodi hiyo mna wawakilishi 6 waliochaguliwa na wazazi. Kwa hiyo mzazi anayetaka kumwona mwajiri wa mpishi hana haja ya kupanda basi la Nairobi. Mwajiri huyo amekaa katika safu ya mbele ya mkutano, na mzazi huyo ndiye aliyempigia kura.

Sasa fedha. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza Januari 2003, kila mtoto alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka: 650 ziliingia akaunti ya vifaa vya kufundishia, ile tuliyozoea kuiita SIMBA, na 370 ziliingia akaunti ya matumizi ya jumla. Hizo 370 ndizo zilizotakiwa kulipa mishahara, umeme, maji, ukarabati na posta. Baadaye mgao ulipandishwa hadi 1,420 kwa mtoto. Shule za upili za kutwa zilianza kupewa mgao 2008, zikianzia shilingi 10,265, na tangu 2018 kiwango rasmi ni 22,244. Sekondari ya msingi ina kiwango chake, 15,042. Viwango hivi husomwa hadharani kama aya, na mzazi huvikariri vizuri kuliko mimi. Asichokikariri ni kwamba kiwango rasmi na fedha zilizoingia benki ni vitu viwili. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba uwezo wa serikali kwa mwanafunzi wa upili ni takriban shilingi 16,900. Pengo ni 5,344 kwa kichwa. Shule yenye wanafunzi 500 inakosa shilingi 2,672,000 kwa mwaka, na kama utakavyoona hapa chini, kiasi hicho kingelipa mishahara ya kima cha chini ya wafanyakazi 12.

Hapa ndipo uvumilivu wangu huisha, kwa hiyo mniwie radhi nikikaa hapa kwa muda.

Watu hudhani kasoro ni kwamba mgao ni mdogo. Ni mdogo, naam. Lakini kasoro kubwa zaidi ni kwamba mgao huhesabiwa kwa vichwa vya watoto, ilhali kazi ya wafanyakazi haihesabiki hivyo. Lango hulindwa usiku kucha hata shule ikiwa na watoto 200 au 1,200. Feri ya Likoni haipunguziwi mafuta kwa sababu abiria wa asubuhi hiyo walikuwa wachache, na hakuna anayeshangaa. Ila ukisema shule inahitaji fedha za kuwa shule kabla ya mtoto wa kwanza kuingia darasani, unaangaliwa kama mtu anayetafuta mwanya wa kula.

Chukua shule ya msingi yenye watoto 400. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Ongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, unapata 18,530.81. Kwa mwaka mfanyakazi mmoja anagharimu shilingi 222,370, kwa kukadiria senti. Shule inahitaji angalau mabawabu wawili, mpishi na mfagizi. Hao wanne ni 889,480. Mgao wote wa shule hiyo, ule wa 1,420, ni 568,000, na sehemu yake hata haifiki kwetu, kwa kuwa tangu 2018 vitabu vya kiada hununuliwa na kusambazwa na serikali yenyewe. Tuseme basi kwamba shule haitanunua chaki, haitalipa umeme na haitaziba bomba lolote, kila senti iende kwenye mishahara: bado itahitaji watoto 627 ili kuwalipa watu wanne kima cha chini. Na bado sijagusa mchango wa mwajiri katika mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wala ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ambao mwajiri hulipa sawa na mfanyakazi, kwani shule ya umma haikusamehewa makato hayo.

Mwerevu mmoja hatakosa kusema kwamba bawabu mmoja anatosha. Bawabu anayeingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba, anafanya saa 84 kwa wiki. Kanuni za mishahara zinamruhusu mfanyakazi wa usiku saa 60. Shule yenye bawabu mmoja, kwa hiyo, inavunja sheria kila wiki, na inavunja kwa utaratibu uliopitishwa na kikao, ukaandikwa kwenye kumbukumbu na kutiwa sahihi. Tena mlinzi wa usiku ana kiwango chake, kilicho juu ya kile cha kibarua nilichokitumia. Nilipiga hesabu kwa upole.

Mwerevu wa pili husema tuwafanye vibarua, walipwe siku shule iko wazi tu. Hili limeenea mno, na ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu lina sura ya busara. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda unaotimia mwezi mmoja, au anayefanya kazi isiyotazamiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa na mkataba wa mwezi. Mama aliyepikia watoto muhula mzima si kibarua, hata ukimwita hivyo kwenye vocha kwa wino mwekundu. Agosti na Desemba anakula, kodi ya chumba chake inadaiwa, na shule inayojidai kuokoa fedha kwa kumfungia miezi hiyo inajiwekea deni ambalo siku moja litadaiwa mahakamani. Bodi ikishindwa kesi, hukumu hulipwa kutoka akaunti ileile ya watoto.

Kisha kuna dharau, kwamba hizi ni kazi ndogo zisizo na ujuzi. Mpishi wetu huchambua na kuloweka maharagwe jioni, na saa kumi alfajiri huwa ameshakoka moto, kwa sababu pure, yaani mahindi na maharagwe, ya watoto mia kadhaa haiivi kwa kuharakishwa, na mahindi yasiyoiva huonekana mchana kwenye foleni ya choo. Afisa wa afya akija hutaka kuona cheti chake cha uchunguzi, ambacho hufanywa upya kila miezi sita, na katika shule nyingi nilizopitisha macho vitabu vyake, ada ya cheti hicho humtoka mpishi mwenyewe mfukoni. Fundi wa maabara naye ndiye huandaa miyeyusho ya mtihani wa vitendo wa kemia wa KCSE, ule wa kumaliza upili, kwa maelekezo ya siri kutoka baraza la mitihani, KNEC. Akikosea kipimo cha asidi, watahiniwa wote hupata hesabu isiyolingana na majibu yanayotarajiwa. Mtu huyu ana diploma, anabeba matokeo ya darasa zima mikononi, na analipwa na bodi baada ya kila mtu mwingine, fedha zikibaki.

Kejeli iliyo kubwa zaidi iko kwa karani. Mgao huja kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara ya elimu, ulioanza 2017 kwa jina la NEMIS, na mtoto asiye na nambari ya cheti cha kuzaliwa hupata taabu kusajiliwa. Katika shule zetu watoto wa namna hiyo si wachache: mzazi alihama, kadi ya kliniki ilipotea, jina la baba haliafikiani na la kitambulisho. Karani huwafuata wazazi hao mmoja mmoja, huwaandikia barua, huwaelekeza ofisi ya usajili. Kila mtoto anayemwingiza ni fedha mpya kwa shule. Mtoto asiyeingia anakaa darasani, anakula, anatumia choo, na kwa Hazina hayupo. Na mshahara wa karani hutoka katika fungu lilelile la mgao, na fedha zikipungua, mshahara huo hukatwa kwanza.

Hukatwa kwanza kwa sababu ya majirani zake. Shuleni Mombasa mishahara hugombana na maji. Mfereji ukikauka, na hukauka, tunanunua maji ya bauza, yaani ya lori la tangi, na muuzaji hakopeshi. Mabati huliwa na hewa ya chumvi mapema kuliko bara. Shimo la choo likijaa, gari la kunyonya halisubiri muhula ujao. Fedha zimepangwa kuja asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, lakini mara nyingi huja vipande, na anayeweza kungoja ndiye hungojeshwa. Mwenye bauza huondoka na maji yake. Mpishi huja kesho asubuhi.

"Basi wazazi tuchange," huambiwa. Kifungu cha 29 cha sheria ya elimu kinakataza ada ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanawezekana kwa idhini ya waziri baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata hapo mtoto hawezi kunyimwa masomo kwa kutolipa. Naunga mkono sheria hiyo. Nimewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa shilingi mia mbili, na sitaki kuona tena. Lakini matokeo yake ni kwamba bodi imepewa jukumu la kulipa mishahara bila njia ya kutafuta fedha, kisha wazazi wanaletwa kimyakimya kupitia pesa za chakula cha mchana, na mpishi anageuka kuwa deni la wazazi maskini. Baadhi yao ni vibarua wa maghala wasiofikia hiyo 16,113.75. Mama anayeuza mboga sokoni Kongowea akiniuliza kwa nini amlipe mpishi kiasi ambacho yeye mwenyewe hakipati, sheria ninayo ya kumsomea, lakini jibu la kumtosheleza sijalipata.

Hata suluhisho ninaloliamini lina mashaka yake. Wengi wenzangu wanataka wafanyakazi wote wahamishiwe serikalini, wawe na tume yao kama walimu. Ningefaidika, na pengine chama cha wafanyakazi kama KUDHEIHA kingekuwa na mwajiri mmoja wa kuzungumza naye badala ya maelfu ya bodi. Ila nahofia siku mpishi wa Likoni atakapohamishiwa Lodwar kwa barua, na nahofia orodha ya mishahara yenye majina ya watu wasiowahi kushika mwiko. Mimi ningeanza na jambo dogo zaidi: kila shule ipewe kwanza kiasi cha chini kisichotegemea idadi ya watoto, cha kulipa wafanyakazi wa lazima kwa kima cha sheria, kisha mgao wa vichwa uongezwe juu yake. Hapo shule yenye watoto 150 ingegharimu zaidi kwa kila mtoto kuliko yenye 1,500, na Hazina ingeuliza mara moja kwa nini isifungwe na watoto wapelekwe kwingine. Ni swali halali, na kwa shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu ambako mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuvuka peke yake, jibu langu ni kwamba ilipwe. Kwa zile zilizopakana ukuta kwa ukuta, bado sijaamua.