Mshauri wa Kikristo au kocha? Angalia mpango wako huvunjikia wapi

Hapa Malindi, mtu akiona maisha yamekwama, siku hizi anatafuta kocha, si wa mpira, wa maisha: mtu wa kukusaidia kupanga malengo na kuyafuata. Sababu naielewa. Kuwa na kocha ni jambo la kujivunia, hata Facebook utaliweka. Ukionekana ukiingia kwa mshauri nasaha, tena wa Kikristo, mtaani watasema ndoa imekushinda au una mapepo. Basi wengi wanachagua kwa kuogopa maneno ya watu, wanalipia msaada ambao haukuwa wao.

Mimi ni mshauri nasaha Mkristo, na ukocha pia nimeusomea. (Wapo wateja wanaoniita mchungaji. Si mchungaji, na kanisa sina.) Kwa nje kazi hizi mbili zinafanana sana: watu wawili, mlango umefungwa, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Tofauti iko kwenye yale yanayoulizwa.

Mchukue kijana mmoja wa hotelini. Nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote. Anasema: "Nataka ninunue tuktuk yangu, niwe nawapeleka wageni Gede, niachane na kusubiri kuitwa kazini baada ya mvua." Nikikaa kama kocha nitamuuliza: tuktuk ya bei gani, mpya au iliyotumika? Umeweka ngapi mpaka leo? Agosti wageni wakijaa, kila wiki utatenga kiasi gani? Nani atakuuliza Ijumaa kama umetenga? Anatoka na karatasi yenye hatua zake, na kwa wengi hiyo yatosha. Kocha huanza na imani kwamba uliye mbele yake ni mzima, anajua atakalo, amekosa tu mpangilio na mtu wa kumdai ahadi zake. Wapo ndugu kanisani wanaouona ukocha kuwa mambo ya kidunia. Mimi sioni hivyo. Nehemia wa kwenye Biblia alizunguka usiku akikagua ukuta wa Yerusalemu kabla ya kumwambia mtu yeyote neno la kujenga.

Lakini kijana wetu karatasi kama hiyo alishakuwa nayo. Aliweka akiba msimu uliopita, na wa kabla yake pia, na mara zote pesa zilitokea mlango ule ule: baba anapiga simu kutoka Ganze, na kabla mzee hajamaliza salamu, kijana ameshatuma zote kwa M-Pesa. Wala mzee hakuwa na shida ya kufa na kupona. Hapo bei ya tuktuk naiweka kando. Namuuliza: simu ya mzee ikiita, mwilini unasikia nini? Ananyamaza, kisha anasema mikono humtetemeka, kama zamani akiwa mdogo, mzee akirudi usiku amelewa mnazi.

Hiyo ni kazi nyingine, ya taratibu, na karatasi ya hatua haiifikii. Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: mipango yako ikivunjika kila mara kwa sababu mpya, nenda kwa kocha. Ikivunjika pale pale kila mara, usiongeze mpango mwingine. Nenda kwa mshauri.

Na Ukristo unaingiaje? Kijana huyu alikuwa ameshika amri ya kuwaheshimu baba na mama, akaielewa kuwa hana ruhusa ya kumkatalia mzee chochote, milele. Mshauri asiyegusa imani angeweza kulipita hilo, na hapo ndipo fundo lilipokuwa. Tulisoma pamoja Waefeso sura ya 6, ambapo Paulo anairudia amri ile ile, kisha mstari wa 4 anawageukia akina baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Ile amri alikuwa ameisikia tangu utotoni. Huu mstari wa 4 hakuna aliyewahi kumsomea.

Kuomba pia tunaomba, lakini naomba ruhusa kwanza, na mteja akikataa, kikao kinaendelea. Nalisema hili kwa sababu ya mahali tunapoishi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja, aliyedaiwa kuwahimiza wafunge mpaka kufa, ilifukuliwa, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Tangu hapo mtu wa Malindi ana haki ya kumtilia shaka yeyote anayechanganya Biblia na ushauri, mimi nikiwemo. Anayekukataza hospitali, anayekutenga na ndugu zako, au anayedai utii badala ya kukuuliza maswali, mkimbie. Mkimbie hata akijiita kocha, maana wa namna hiyo kwenye ukocha pia wapo.

Kisheria, ushauri nasaha nchini Kenya una sheria yake ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia. "Mkristo" si leseni, basi uliza namba ya usajili. Ukocha hauna sheria kama hiyo hapa kwetu, na yeyote anaweza kuchapisha kadi kesho. Kipimo kinachotumika sana ni cha International Coaching Federation, chama cha kimataifa cha makocha kilichoanzishwa Marekani mwaka 1995. Cheti chake cha ngazi ya chini kinadai angalau saa 60 za mafunzo na saa 100 za kufanya kazi yenyewe.

Kuna mambo ambayo kocha hapaswi kuyagusa kabisa: kipigo nyumbani, dawa za kulevya, msiba usioisha, mawazo ya kujiua. Mengine hata mimi peke yangu siyawezi, nampeleka mtu kwa daktari. Kama ni usiku na hali ni mbaya, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Kabla hujalipa, iwe ni kwangu au kwa mwingine, uliza swali moja kwa simu: jambo langu likikuzidi, utanipeleka kwa nani? Aliyejipanga atakutajia mtu au kliniki hapo hapo.